Acheni kununua draiva kwa lumeni

Leo nitawaudhi baadhi yenu, mnisamehe mapema. Kila nikikutana na wenzangu wanaojiundia tochi, swali la kwanza ni lile lile: "Inatoa lumeni ngapi?" Hakuna anayeuliza mkondo unadhibitiwa na nini. Hakuna anayeuliza tochi itafanya nini betri ikishuka hadi volti 2.8. Lumeni, lumeni, lumeni! Ndiyo maana tochi zenu huwaka kama jua kwa dakika mbili, kisha zikawachoma kiganja.

Kwa wageni wa mambo haya: LED huwezi kuifunga tu kwenye betri kama globu ya zamani. Volti ikipanda kidogo, mkondo unapanda sana. Betri ya 18650 ikijaa ina volti 4.2, na ikikaribia kuisha ina kama 3. LED nyeupe nayo inataka karibu volti 3. Kwa hiyo katikati lazima kuwe na saketi ya kupima mkondo, na hiyo ndiyo tunayoiita draiva: kile kibao cha mviringo, mara nyingi cha milimita 17, kinachokaa nyuma ya LED.

Fasheni ni draiva ya transista moja kubwa, FET. Ikifunguka, inaachilia mkondo wote ambao betri inaweza kutoa. Ampea 6, ampea 8, bahati yako. Kinachoizuia ni ukinzani wa nyaya, springi na betri yenyewe. Jamani, huo ni udhibiti gani?

Na msiniambie "nitaipunguza kwa programu." Programu hupunguza kwa kuzima na kuwasha transista haraka mno. Ukiiweka asilimia 10, LED bado inapigwa na ampea 6 zile zile, ila kwa sehemu moja ya kumi ya muda. LED hutoa mwanga kidogo kwa kila wati mkondo unapokuwa mkubwa. Yaani unapata mwanga hafifu kwa hasara ya mwanga mkali!

Sasa tazama chipu ya AMC7135. Bei yake ni ya kutupa, miguu mitatu, na kazi yake moja: kupitisha miliampea 350 hivi, betri iwe imejaa au imefika nusu. Ukitaka zaidi, unazipanga sambamba; nane zinakupa ampea 2.8. Piga hesabu ya darasa la sita: betri ya miliampea-saa 3000 ukigawa kwa 350 ni zaidi ya saa nane, kwa lumeni 100 na ushee, mwanga wa kutosha kupika na kusomea. Kwa ampea 6 ni nusu saa, na hapo joto likikuruhusu. Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, wewe ungeshika ipi?

Najua mtakalosema: 7135 inapoteza nishati. Kweli. Betri ikiwa na volti 4.0 na LED ikitumia 3.2, zile 0.8 zinageuka joto; kwa ampea 2.8 hiyo ni zaidi ya wati 2. Anayeunda tochi kubwa, au ya betri mbili mfululizo, anunue draiva yenye koili ya kushusha volti, alipe bei yake, sitamcheka. Na asiyeweza kuachana na FET atafute ile yenye 7135 moja pembeni kwa mwanga mdogo.

Lakini ugomvi wangu mkubwa ni wa programu, maana ndio ugali wangu. Draiva hizi ni tarakilishi. Ndogo, ndiyo: ATtiny13A ina kilobaiti 1 ya kuhifadhi programu na baiti 64 za RAM. Hata hivyo inatosha kupima volti ya betri na kuzima kabla haijaharibika. Hili si pambo. Wengi wetu tunachomoa betri kwenye pakiti za laptopu zilizokufa, na betri hizo zikiwa pekee hazina ulinzi wowote. Ulinzi ulibaki kwenye kibao cha pakiti. Ukiishusha kupita kiasi, shaba ndani yake huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena inaweza kupiga shoti kwa ndani. Moto, ndugu yangu, ndani ya nyumba yenye watoto.

Halafu mnanunua draiva yenye programu iliyofungwa, msiyojua inakata kwa volti ngapi au kama inakata kabisa! Badala yake mnapewa SOS na mwanga wa disko. Nani aliomba? Unatafuta dawa ya mtoto saa nane usiku, unabonyeza mara moja zaidi, chumba kinageuka klabu.

Programu huria ipo. Anduril, ya leseni ya GPL, inalinda betri, inapima joto, na msimbo wake unausoma mwenyewe. Haiingii kwenye ATtiny13A, ila ATtiny85 yenye kilobaiti 8 inaibeba. Kuiandika upya kunahitaji nyaya sita, avrdude, na hata Arduino Uno iliyolala kabatini inaweza kufanya kazi ya programa. Kwa hiyo muuzaji akinionyesha draiva, namuuliza ni chipu gani, inakata kwa volti ngapi, na wapi pa kugusisha zile nyaya sita. Akianza kunitajia lumeni, narudisha pesa mfukoni.