Plau ikikatika Novemba, hasara huonekana wakati wa mavuno

MVUA za kwanza zikishanyesha Lalago, wilayani Maswa, mkulima wa pamba hana siku ya kupoteza. Upandaji hufanyika kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba. Jozi moja ya maksai hulima takribani ekari moja kwa siku. Plau ikikaa kwa fundi siku tatu, ekari tatu husubiri huku unyevu ukipotea.

Kinachosikitisha ni kuona plau ikirudi kwa fundi kwa tatizo lile lile. Jembe lililolika huongezewa kipande cha springi ya gari, kisha hukatika kwenye kisiki cha kwanza. Lawama humwendea fundi kwamba hakuchomelea vizuri. Hata hivyo, ukichunguza utakuta mara nyingi kiungo chenyewe ni kizima. Kilichokatika ni springi, milimita chache pembeni yake.

Sababu ni kwamba vyuma hivyo viwili havifanani. Chuma laini cha fremu kina kaboni isiyofika asilimia 0.3, wakati springi ina takribani asilimia 0.6. Kaboni hiyo ndiyo inayofanya springi isilike upesi. Lakini chuma hicho kikichomwa kwa moto mkali na kupoa ghafla, sehemu iliyo kando ya kiungo huwa ngumu na kuvunjika kama kioo. Kukimwagia maji ili mteja aondoke haraka ni kukaribisha ufa. Aidha, rodi zilizoshika unyevu huingiza hidrojeni ndani ya chuma, na ufa unaweza kutokea saa kadhaa baadaye, plau ikiwa tayari nyumbani.

Dawa yake haihitaji mitambo mikubwa. Fundi aanze kwa kugusisha chuma kwenye grainda: cheche za chuma laini ni ndefu na hazina matawi mengi, za springi hupasuka kama fataki. Akishatambua springi, aipashe moto kwa mkaa hadi nyuzi joto 200 hadi 300, atumie rodi kavu za aina ya 7018, kisha aifukie kwenye majivu makavu ipoe polepole. Panapowezekana, kipande kifungwe kwa bolti na nati, ili kikilika kibadilishwe shambani kwa spana.

Kazi hiyo hula mkaa na muda, hivyo fundi ana haki ya kulipwa zaidi. Mkulima naye apeleke plau mapema, mara baada ya kuuza pamba, badala ya kungoja foleni ya Novemba. Vyama vya ushirika vingeweza kununua rodi bora kwa pamoja, na VETA na SIDO zikawafuata mafundi vijijini kwa mafunzo mafupi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mkulima wa Lalago, ufa mdogo wa plau ni ekari nzima isiyopandwa.