Kinyama Katika Weupe wa Jicho

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutajwa sana watu wanapozungumza habari za nyumba, ila mwenye kuitumia kwa jicho lake hatakuwa amekosea.

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Pumwani na Shauri Moyo mpaka Kaloleni, Makadara na Jericho, wamo watu wengi ambao kazi yao ni ya juani kutwa. Wako wauza mitumba wa Gikomba, wauza mboga wa kando ya njia, mafundi wa jua kali, wachukuzi wa mikokoteni, na makondakta wanaosimama mlangoni mwa gari huku vumbi la Jogoo Road likiwapiga usoni. Kwa watu hao jicho jekundu si habari. Hulaumiwa vumbi, au moshi wa makaa, au usingizi mchache, na kazi huendelea.

Aghalabu mambo huenda hivi. Mama auzaye mboga huona katika kioo kinyama kidogo kimetokea juu ya weupe wa jicho lake, karibu na ukingo wa weusi. Hakiumi sana, huwasha tu. Jirani humwambia kwamba ni vumbi, litatoka lenyewe. Mwingine humletea maji ya majani ayatie jichoni. Duka la dawa humwuzia chupa ya matone. Mwezi wa kwanza hupita, na wa pili, na wa tatu. Mama huyo si mjinga wala si mvivu. Akifunga meza yake siku moja, siku hiyo hapana unga nyumbani, na karo ya shule hailipiki. Basi husema moyoni kwamba atakwenda hospitali mwisho wa mwezi, na kila mwezi una mwisho wake.

Vinyama vinavyoota juu ya jicho ni vya namna nyingi. Kimoja ni kile chenye umbo la bawa, ambacho huanza pembeni mwa jicho na kutambaa polepole kuelekea weusi. Hicho si saratani. Lakini kipo kingine kinachofanana nacho sana, nacho ni saratani ya utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho. Huenda kikawa na rangi ya waridi, au kikawa na doa jeupe juu yake, au rangi ya kahawia, na mara nyingi huonekana mishipa ya damu iliyonenepa ikielekea kwake. Daktari mzoefu anaweza kushuku, lakini hata yeye hawezi kuhakikisha kwa macho matupu. Sharti kikatwe, kipelekwe maabara, kikatazamwe kwa darubini. Kikiachwa, hukua juu ya jicho, huingia ndani yake, na hatimaye huweza kupita hata katika tundu la fuvu. Hapo daktari hana budi kuliondoa jicho zima, na wako waliopoteza maisha.

Katika nchi za baridi ugonjwa huu ni wa nadra, na huwapata hasa wanaume wazee. Katika Afrika ya Mashariki huwapata watu wa makamo wenye nguvu zao, na wanawake ni wengi miongoni mwao. Sababu moja ni jua. Nairobi iko karibu na ikweta, tena iko juu sana, na miale ya jua ipitayo hewa nyembamba ina ukali hata siku ya baridi. Sababu nyingine ni virusi vya Ukimwi, ambavyo huudhoofisha mwili usiweze kujilinda. Mwaka 1995 Daktari Ateenyi-Agaba wa Kampala alieleza katika jarida la Lancet jinsi saratani hii inavyohusiana na virusi hivyo. Kwa ajili hiyo wako watu wanaoogopa kwenda kliniki ya macho, wakidhani kwamba wakionekana hapo watanyoshewa vidole mtaani. Hofu hiyo haina msingi. Wako wenye kinyama hiki wasio na virusi hivyo kabisa. Na aliye navyo hufaidika kwa kujua mapema, kwa kuwa dawa za kumsaidia zipo.

Matibabu ya kawaida ni kupasuliwa. Mgonjwa hutiwa ganzi jichoni, naye hukaa macho bila kusikia maumivu. Daktari hutazama kwa darubini, hukikata kinyama pamoja na ukingo wa utando ulio mzima, na mgonjwa huweza kurudi nyumbani. Shida ilikuwa baadaye. Wengi waliopasuliwa vizuri walirudi baada ya miezi michache, kinyama kimeota tena pale pale, kwa sababu chembe chache zisizoonekana zilibaki. Mtu aliyekopa nauli mara ya kwanza alitakiwa kukopa tena.

Hapo ndipo madaktari wa Kenya walipofanya kazi inayostahili kujulikana na kila mkazi wa mitaa hii. Daktari Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akishirikiana na wenzake wa hapa na wa chuo cha afya cha London, alitaka kujua kama dawa ya matone iitwayo fluorourasili ingezuia kinyama kisirudi. Dawa hiyo si ngeni. Iligunduliwa Marekani mwaka 1957 na Charles Heidelberger, na tangu hapo imetumika kutibu saratani nyingine. Lakini hapakuwa na uhakika kama ingefaa kwa ugonjwa huu baada ya kupasuliwa.

Mkulima yeyote ataielewa njia waliyoitumia. Mtu akitaka kujua kama mbolea mpya yafaa, haitii katika shamba zima na kuisifu mvua ikinyesha vema. Huligawa shamba, sehemu moja akaitia mbolea na nyingine asiitie, mbegu ni ile ile, palizi ni ile ile, kisha hulinganisha mavuno. Ndivyo ilivyofanyika. Kuanzia Agosti 2012 mpaka Julai 2014, katika kliniki nne za macho nchini Kenya, wagonjwa 98 waliokubali kwa hiari walipasuliwa wote kwa njia moja. Kisha waligawanywa kwa bahati nasibu, 49 kila upande. Upande mmoja ulipewa matone ya fluorourasili, mara nne kwa siku kwa majuma manne. Upande wa pili ulipewa matone yasiyo na dawa hiyo. Mgonjwa hakujua chupa yake ina nini, wala daktari aliyempima hakujua.

Huenda msomaji akauliza kama ilikuwa haki kumpa mgonjwa chupa isiyo na dawa. Swali hilo ni la maana, na jibu lake ni hili. Hapana mgonjwa aliyenyimwa matibabu yaliyojulikana wakati ule, maana wote walipasuliwa. Kuhusu matone, hapakuwa na mtu aliyejua kama yangesaidia au yangedhuru. Na daktari aliyefichwa jambo hilo hawezi kudanganywa na matumaini yake mwenyewe, kwa kuwa mwenye kutamani dawa ifae huona inafaa hata pale isipofaa.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet Global Health. Baada ya mwaka mmoja, kati ya wagonjwa 47 waliotumia dawa, kinyama kilirudi kwa 5 tu. Kati ya 47 wasiotumia, kilirudi kwa 17. Yaani katika kila watu mia, hesabu ilishuka kutoka kama 36 hadi kama 11. Dawa ilikuwa na udhia wake: jicho liliwasha na kutoa machozi, na baadhi ya watu walivimba ngozi ya kope. Lakini udhia wa majuma machache ni mwepesi kuliko kupasuliwa mara ya pili.

Katika hesabu hizo lipo jambo jingine lisilofaa kupitwa. Wagonjwa 98 walianza, na 94 walionekana mpaka mwisho. Wanne tu ndio waliopotea katika mwaka mzima. Watu hao majina yao hayakuandikwa popote. Walikuwa na kazi zao na watoto wao, na walirudi kliniki kila walipoitwa, hali wakijua kwamba huenda chupa waliyopewa haikuwa na dawa. Kama wangechoka njiani, hesabu isingekamilika, na daktari wa leo asingekuwa na neno la hakika la kumwambia mgonjwa wake.

Basi mtu mwenye kinyama katika jicho kinachokua, au jicho jekundu lisilopona kwa majuma mawili matatu, asitie majani wala maziwa, maana vitu hivyo huweza kuleta kidonda kibaya katika weusi wa jicho. Aende kwa mganga wa macho. Idara za macho zipo katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na katika Hospitali ya PCEA ya Kikuyu. Akipasuliwa, aulize kama kilichokatwa kimepelekwa maabara, aulize habari za matone, na arudi siku aliyoandikiwa hata kama jicho halimsumbui. Na afanyaye kazi juani avae kofia yenye ukingo mpana, au miwani inayozuia miale ya jua. Kofia hupatikana Gikomba kwa bei ndogo.