Mama na Afya: Shavu jipya linatoka wapi?



Waliokuwa kwenye mkutano wa Jumamosi wanajua tulivyoachana: bila kukubaliana. Swali lilikuwa kama sanduku la shirika litoe pesa za safari kwa yule msichana wa miaka 11 anayekuja kuchota maji asubuhi sana, mbele ya watu wote, kitambaa kimefunika shavu la kushoto. Muganga aliyemwona alisema tundu ni kubwa, na huenda nyama ya kuliziba itachukuliwa kwenye mkono wake. Hapo mama mmoja akauliza: «Nyama iliyokatwa mkononi ikabandikwa usoni, haiozi?» Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu. Nimeuliza kwa waganga, nimesoma, na leo namjibu.

Kwanza, ugonjwa. Msichana alipata noma akiwa na miaka 3. Alikuwa ametoka kwenye surua, mwili umeishiwa na bwaki. Ufizi ulivimba na kutoa damu, mdomo ukanuka vibaya, shavu likafura, na kwa siku chache tu likawa jeusi na kutoboka. Majirani walisema ni laana. Sio laana, wala haiambukizi. Ni vijidudu vya mdomoni vinavyomshinda mtoto aliyedhoofika kwa njaa na ugonjwa. Zamani ilikuwepo Ulaya pia, ikapotea watoto walipoanza kula vizuri. Kisha wakati wa vita ya pili ya dunia ikaonekana tena kwenye kambi za Auschwitz na Bergen-Belsen, ambako watu walikuwa wanauawa kwa njaa. Laana gani hiyo inayofuata njaa kila inapokwenda?

Bila matibabu, watoto 9 kwa 10 wanaweza kufa. Huyu wetu ni yule wa kumi.

Sasa swali la mama. Jibu ni ndiyo, nyama iliyokatwa inaoza, ikiwa haipati damu. Kazi yote ya upasuaji huu ni hiyo damu.

Fikirieni shamba. Kuna ngozi nyembamba ambayo waganga wanaitoa pajani na kuitandaza juu ya kidonda cha moto. Hiyo ni kama majani yaliyotandazwa juu ya udongo wenye maji: yanakunywa kutoka chini. Lakini tundu la shavu halina udongo chini yake, ngozi hiyo ingekufa. Njia ya pili ni kugeuza nyama ya jirani, ya shingo au ya kifua, bila kuikata shina lake. Ni kama kamba ya kiazi kitamu: unavuta ncha mpaka tuta la pili huku mzizi wake umebaki pale pale. Inasaidia wengi, ila kamba inafika tu pale urefu wake unapofika.

Njia ya tatu ndiyo ile ya mkono. Ni kuhamisha mche wa kabichi kutoka kitalu: unaung'oa kabisa pamoja na mizizi yake, unaupeleka mbali, unaupanda, na lazima upate maji saa hiyo hiyo. Mizizi hapa ni mishipa ya damu, mmoja unaoleta na mmoja au miwili inayorudisha. Muganga anakata ngozi na nyama pamoja na mishipa hiyo, anapandisha kipande usoni, kisha anaunganisha mishipa yake na mishipa ya shingoni. Upana wake ni kama njiti ya kiberiti, wakati mwingine chini ya hapo. Anashona akitazama kwenye darubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Na kwa kuwa shavu lina pande mbili, ya nje na ya mdomoni, kipande kinaweza kukunjwa ili kifunike zote mbili. Siku nzima inaweza kuisha wakiwa bado kwenye chumba cha upasuaji.

Sio mchezo wa juzi. Mwaka 1973 huko Melbourne, Australia, waganga Daniel na Taylor walihamisha hivyo ngozi ya kinena mpaka kwenye kifundo cha mguu. Na sio ya wazungu peke yao: huko Sokoto, kaskazini mwa Nigeria, kuna hospitali ya watoto wa noma, na nyama yenye mishipa yake imehamishwa huko pia, kwa matundu makubwa.

Mama mwingine aliogopa kwamba mkono utakufa. Nilimuuliza muganga, naye akanionyesha kwenye mkono wangu mwenyewe. Alinibana mishipa miwili ya kifundo cha mkono, nikakunja ngumi, nikafungua: kiganja kimepauka. Akaachia mshipa mmoja tu, wa upande wa kidole kidogo, na kiganja chote kikarudi chekundu. Hivyo ndivyo wanavyopima kabla. Mkono ambao mshipa mmoja hauwezi kuulisha hauguswi.

Lakini bibi yake aambiwe ukweli mapema: mtoto anaweza kuamka na vidonda vitatu. Usoni, mkononi, na pajani, mahali ilipotoka ngozi nyembamba ya kufunika mkono. Nimeona wazazi wakigombana na wauguzi kwa sababu hakuna aliyewaambia hilo.

Siku mbili tatu za kwanza ndizo za hofu. Muuguzi anakuja kila saa, usiku pia, anatazama rangi, anagusa joto, anabonyeza kwa kidole aone kama wekundu unarudi. Kikipauka na kupoa, damu haifiki. Kikiwa cha bluu na kufura, damu inaingia lakini haitoki. Hapo wanarudi haraka kwenye chumba cha upasuaji, maana saa chache zinaweza kukiua kipande. Mara nyingine kinakufa hata hivyo, na hilo pia tulijue kabla ya kupiga kura. Anayemlinda mtoto asimfunge kitambaa shingoni, asimlaze upande ule, na yeyote asivute sigara karibu yake.

Halafu tunarudi nyumbani, na hapa ndipo naona kazi yetu sisi. Shavu jipya linaweza kukaa muda mrefu bila kuhisi, kwa hiyo uji wa moto utamuunguza naye asijue. Litakuwa nene na lenye rangi tofauti, pengine watalipunguza baadaye kwa upasuaji mwingine. Na taya. Noma inafunga taya kwa kovu. Msichana huyu anakula kwa kusukuma chakula kwenye nafasi ndogo ya meno. Waganga wataifungua, lakini kovu linataka kurudi. Lazima kila siku, mara kadhaa, kwa miezi mingi, afanye mazoezi ya kupanua mdomo kwa vijiti bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, jinsi atakavyofundishwa. Inauma. Mtoto atalia na bibi atamhurumia aache. Akiacha, taya inafunga tena, na pesa zetu zimekwenda na maji.

Ndiyo maana mimi napiga kura ya kutoa, ila kwa sharti: wawili kati yetu wapokezane kwenda kwa bibi kila siku kusimamia mazoezi. Wanaopinga wana haki yao. Wanasema pesa hizo zingenunua ndagala na soya kwa watoto wengi wenye bwaki, na kweli, mtoto anayekula na kupata chanjo ya surua hafiki huku. Noma ikikamatwa ufizi ukiwa bado mwekundu, inatibiwa kwa dawa za kuua vijidudu, kusafisha mdomo na chakula. Kwa hiyo tafadhali, leo jioni inueni midomo ya watoto wadogo mtazame ufizi. Ukitoa damu na kunuka, ni kituo cha afya kesho asubuhi, sio wiki ijayo.

Kitu kimoja tulisahau Jumamosi: hakuna aliyemuuliza msichana. Nilimpitia Jumatatu. Nilimweleza yote, mkono, paja, vijiti, na kwamba hatafanana na dada yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ataweza kufunga mdomo akiwa anakula sombe, isitoke nje.

Nilimwambia waganga wanatumaini hivyo. Akasema basi anataka.

Kura ni Jumamosi baada ya likelemba, saa nane. Kila mama aje na kitabu chake.