Nani Kawa wa Kwanza?

Kazi ya ualimu ilinipa maradhi mawili: koo bovu na tabia ya kusahihisha. Koo limepona tangu nilipostaafu. Ile tabia ingalipo, na Krismasi iliyopita ilinipanda kichwani nilipokuwa barazani kwangu nikimsikiliza mwanangu wa pili akibishana na wenzake wawili, tangu chai ya saa kumi hadi taa zikawashwa. Hawakubishania siasa wala mpira. Walibishania bendi za zamani za Uingereza zilizopiga roki nzito: ipi ni bora kuliko zote, na albamu ipi ndiyo kiboko yao.

Wa kwanza alishika Led Zeppelin na albamu yao ya nne, ya mwaka 1971. Wa pili aliapa kwa Black Sabbath na Paranoid ya 1970. Mwanangu, kama wakili aliyekwisha kulipwa, alisimamia Deep Purple na Machine Head ya 1972. Zikatajwa nakala zilizouzwa, zikatajwa tuzo, zikatajwa orodha za magazeti. Mwishowe mmoja akanigeukia: "Mzee, wewe ulikuwa mwalimu mkuu, hebu tuamulie. Nani kawa wa kwanza?"

Nilikataa, nao wakacheka wakidhani muziki wenyewe siujui. Basi jibu langu ni hili, ingawa limechelewa.

Nasema kwamba huku kupanga bendi kwa nafasi ni mtihani wa dhuluma. Mtihani wa haki huwa na mambo matatu. Kwanza silabasi, ili ijulikane mtoto anapimwa nini. Pili mwongozo wa kusahihishia, ili walimu wawili wakishika karatasi moja wasitofautiane kama mbingu na ardhi. Tatu orodha kamili ya watahiniwa, ili asiwepo aliyefungiwa nje ya chumba kisha akaandikiwa sifuri. Mabishano ya barazani kwangu hayakuwa na hata jambo moja kati ya hayo.

Tuanze na silabasi. Tunapima nini? Kama tunapima uzito wa gitaa, basi mpiga gitaa wa Black Sabbath, Tony Iommi, ana neno la kusema. Alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani Birmingham akiwa kijana, akajitengenezea vifuniko vya plastiki, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Ile sauti nzito wanayoiabudu vijana ina jeraha la kibarua ndani yake. Kama tunapima majibizano ya kinanda na gitaa, Jon Lord na Ritchie Blackmore wa Deep Purple watapita kwa alama za juu. Kama tunapima uwezo wa kupokezana ukimya na kishindo, Led Zeppelin hawana wasiwasi. Na kama tunapima sauti za watu zilizopandana tabaka kwa tabaka, kwa nini barazani hakuna aliyeitaja Queen, ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa hapa kwetu Unguja mwaka 1946? Kila mmoja wa vijana wangu alitunga mtihani wa somo analoliweza mtoto wake, kisha akashangaa watoto wa wenzake wanafeli.

Sasa mwongozo wa kusahihishia. Wanapenda sana kunitajia jarida la Rolling Stone la Marekani, kana kwamba ni Baraza la Mitihani. Sawa. Jarida hilo hilo liliiponda albamu ya kwanza ya Led Zeppelin mwaka 1969, na mwaka uliofuata likaiponda ya Black Sabbath. Leo linazisifu. Mwaka 2003 lilitoa orodha ya albamu 500 bora za nyakati zote, likawaweka Beatles juu kabisa kwa Sgt. Pepper's. Mwaka 2020 liliita wapigaji kura wapya, na juu akakaa Marvin Gaye kwa What's Going On. Je, katika miaka hiyo 17 kuna aliyeingia usiku akabadilisha noti ndani ya santuri hizo? Nyimbo ni zile zile. Waliobadilika ni wasahihishaji. Na lile Jumba la Heshima la roki huko Marekani lingeweza kuwapokea Deep Purple tangu 1993, lakini liliwaweka mlangoni hadi 2016. Mtu mzima anawezaje kunitolea karatasi kama hizo kuwa ushahidi?

Lakini kosa kubwa ni la tatu, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni la watahiniwa waliofungiwa nje.

Albamu ya pili ya Led Zeppelin, ya 1969, hufunguliwa na wimbo Whole Lotta Love. Sehemu ya maneno yake ilitoka katika wimbo wa Willie Dixon, Mmarekani mweusi, uliorekodiwa na Muddy Waters mwaka 1962. Jina la Dixon halikuandikwa. Mwaka 1985 alikwenda mahakamani, na mwaka 1987 wakapatana nje ya mahakama. Leo jina lake limo. Shuleni kwangu mwanafunzi aliyenakili bila kutaja tulimwita ofisini. Sisemi Led Zeppelin hawakujua kazi yao. Walijua, tena sana. Nasema anayewapa nafasi ya kwanza bila kumtaja Dixon ameandika ripoti nusu.

Kisha kuna jirani zetu wa Zambia. Katika miaka ya 1970 vijana wa mikoa ya shaba walishika magitaa ya umeme wakapiga roki nzito ya kwao, ambayo sasa huitwa Zamrock. Kulikuwa na WITCH wa Emmanuel Chanda, aliyejulikana kama Jagari. Amanaz, waliotoa albamu ya Africa mwaka 1975. Na Ngozi Family wa Paul Ngozi, waliotoa Day of Judgement mwaka 1976. Wengine walisafiri hadi Nairobi kurekodi. Kisha bei ya shaba ikaanguka, fedha zikakauka, na baadaye UKIMWI ukawafagia wengi. Jagari aliishia kuchimba vito ardhini, hadi wageni walipozifufua santuri zile. Mwaka 2023 WITCH walitoa albamu mpya, Zango. Barazani kwangu, kwa saa tatu nzima, hakuna aliyewataja, ingawa reli ya TAZARA ingetufikisha kwao bila pasi ya Ulaya.

Nami sijitoi. Mwaka 1977 nilikuwa mwalimu kijana Mbeya, na jirani yangu wa relini alileta santuri ya hao Ngozi Family. Nilimwambia azime kelele zake, nina madaftari ya kusahihisha. Nilitoa hukumu kabla upande wa kwanza haujaisha.

Mniwie radhi niseme jambo moja zaidi. Kwa miaka mingi nilisoma nafasi za wanafunzi mbele ya shule nzima, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Kijana mmoja alikuwa wa mwisho miaka miwili mfululizo. Ndiye aliyekuwa akitengeneza redio ya shule ilipokufa, kwa waya na kisu cha jikoni, lakini ufundi wa redio haukuwa katika mtihani wangu. Mwaka wa tatu hakurudi. Nilikutana naye sokoni akiwa na mvi. Akanishika mkono kwa adabu, akasema: "Shikamoo Mwalimu. Jina langu ulilisoma wakati watu walikwisha anza kuondoka." Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Mwanangu atasema, "Baba, tusiposhindanisha, mazungumzo yatakufa." Sivyo. Bishaneni hadi usiku wa manane, lakini bishaneni juu ya mlichokisikia: gitaa hili linafanya nini hapa, ngoma ile imeingiaje, wimbo huu umetoka kwa nani. Hilo ni bishano la watu waliosoma. Kurushiana idadi ya nakala zilizouzwa ni kazi ya karani wa ghala.

Kwa hiyo Krismasi ijayo, barazani kwangu kutakuwa na masharti. Kila mtu aje na albamu moja ambayo wenzake hawajaisikia, nasi tutaisikiliza yote kabla ya mtu kufungua mdomo. Atakayetaka kusema "wa kwanza" ataje kwanza anapima nini, na nani hakumsikiliza. Mimi nitaleta Day of Judgement. Nina deni la tangu 1977 la kuisikiliza upande wa pili.