Muuzaji aliyepata hasara aseme mapema, na aseme kwa hesabu

Mjini Goma, feza nyingi za biashara ndogo hazitoki benki. Zinatoka kwa mtu. Mwenye depo anampa muuzaji magunia ya maharage na kumwambia: utalipa Jumamosi. Mwenye mashua anabeba mzigo kwanza, malipo yanafuata. Mara nyingi hakuna karatasi ya serikali, ni daftari la shule tu, lenye jina na namba. Na tangu mwisho wa mwezi wa Januari 2025, vita ilipoingia mjini na mabenki yakafunga milango, kwa wauzaji wengi njia hiyo ya kuaminiana imekuwa karibu njia pekee iliyobaki.

Ndiyo maana kile anachofanya muuzaji siku anapopata hasara si jambo lake peke yake. Kinagusa kila mtu anayekopesha na kila mtu anayekopa.

Wengi wanaficha. Anabadili njia ili asipite mbele ya depo. Anazima simu. Anamtuma mtoto aseme mama hayupo. Wengine wanaenda kukopa kwa mtu wa pili ili kumlipa wa kwanza, kisha kwa wa tatu ili kumlipa wa pili. Wiki tatu zinapita, watu wanadhani mambo ni sawa. Wiki ya nne yote inatoka nje, na siku hiyo kinachopotea si mzigo tena, ni jina. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Deni nalo ni ugonjwa wa namna hiyo.

Haifai kuwacheka wanaoficha, kwa sababu woga wao una msingi. Muuzaji akisema kwamba ameanguka, wote wanaomdai wanaweza kuja siku moja. Majirani watasema amekula feza, au amerogwa. Katika kundi la likelemba wataanza kunong'ona kwamba zamu yake isogezwe mwisho. Mtu aliyekwisha kuona mwenzake akiaibishwa sokoni kwa sababu ya dola 50 anajifunza kunyamaza.

Lakini kuna hasara ya aina mbili. Ya kwanza inaonekana na kila mtu. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji na kuunguza maduka mengi. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku. Watu wengi walikufa, na mizigo ikaenda chini ya ziwa. Siku kama hizo hakuna anayemuuliza muuzaji ushahidi. Mji mzima ni shahidi wake.

Hasara ya pili haionekani. Maharage yaliyonunuliwa yakiwa na wadudu. Mteja aliyechukua bidhaa kwa deni na kuhama bila kuaga. Mtoto aliyelazwa hospitali na mtaji ukaisha huko. Bidhaa iliyonunuliwa kwa bei ya juu kwa kutumaini kwamba itapanda tena, ikashuka. Hapo hakuna shahidi, na ndipo watu wengi wanatafuta kivuli cha kujifunika. Kivuli kilicho karibu zaidi ni neno moja: vita.

Ni kweli vita imeharibu biashara za watu wengi. Barabara zimefungwa, mashamba yameachwa, familia zimekimbia. Lakini vita inapobebeshwa hata madeni ambayo haikuyafanya, wanaoumia zaidi ni wale iliowaharibu kweli. Mwenye depo aliyesikia hadithi hiyo mara kumi na kugundua kwamba mara sita ilikuwa uongo, atamfukuza pia yule wa kumi na moja, ambaye kweli magunia yake yaliporwa njiani. Uongo wa mmoja unalipwa na mwingine.

Basi ukweli unaojenga imani ukoje? Si machozi. Kuna watu sokoni ambao machozi ndiyo mtaji wao. Ukweli unaosaidia una mambo matatu: unakuja mapema, una hesabu, na unasema sehemu ya kosa iliyo ya mwenyewe.

Chukua mfano wa mama muuzaji mwenye deni la dola 300. Anafika depo kabla ya Jumamosi, si baada yake, na kusema: "Papa, deni lako ni dola 300. Maharage yalikuwa na wadudu, nimeyauza yote kwa 180. Kosa ni langu, sikufungua magunia yote wakati wa kuchukua. Hizi hapa 180. Zinabaki 120. Nitaleta 10 kila Jumamosi, wiki 12." Mwenye depo anaweza kukasirika. Lakini apige hesabu. Kwa mtu aliyekimbia, amepoteza dola 300 na mteja. Kwa mama huyu, ana 180 mkononi na anajua siku ambayo zilizobaki zitaisha. Tena, amejua kwamba mtu huyu akisema neno, neno hilo lina uzito.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wadogo wanasahau. Mwenye depo naye ana deni. Anamdaiwa mtu wa Butembo au wa Uganda. Akipata habari mapema, naye anaweza kupiga simu na kuomba siku. Akiipata kwa kuchelewa, yeye pia anageuka mwongo bila kupenda.

Makundi ya AVEC, ambayo yameenea sana Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, yamejengwa juu ya uwazi. Mfano wake ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE. Wanachama wananunua hisa, sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu, na feza zinahesabiwa mbele ya wote. Kwa kawaida mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, na mwisho wa mwaka wote wanagawana. Sanduku liko wazi kabisa. Kinachobaki kimefungwa ni mdomo wa aliyepata hasara. Akisema katika mwezi wa nne, kundi lina muda wa kupanga upya malipo yake. Akinyamaza hadi siku ya kugawana, pengo lake linawaangukia wote kwa mara moja.

Kwa hiyo kazi si ya mwenye deni peke yake. Wanaosikiliza wana kazi pia. Kila kundi lingeweza kuweka kanuni mbili. Kwanza, kabla ya kuhesabu feza, mwenyekiti aulize: nani amepata shida katika biashara yake wiki hii? Pili, amende ya aliyechelewa lakini akatoa habari iwe ndogo kuliko ya aliyechelewa kwa kunyamaza. Tuseme wote wawili wanatozwa sawa. Basi faida ya kusema iko wapi?

Na kundi lina haki ya kuhakikisha. Waende kuona magunia yenye wadudu, wamuulize mwenye mashua, waangalie daftari. Mkweli haogopi kuulizwa. Anayekasirika kwa swali la kwanza ndiye wa kuchunguzwa.

Tena, kusema ukweli si kutangaza. Hakuna haja ya soko zima, kanisa zima na kila kundi la WhatsApp kujua. Wajue wale ambao feza yao iko ndani. Kama mtaji umeisha kwa sababu ya ugonjwa, mdai anastahili kujua ni kiasi gani kimetoka na lini kitarudi. Jina la ugonjwa ni siri ya familia.

Benki zitafunguliwa siku moja. Hata siku hiyo, mama wa soko hatapewa mkopo kwa urahisi, kwa sababu hana nyumba ya kuweka rehani. Atarudi kwa mwenye depo, na huko atakuta daftari lilelile. Anayedaiwa leo na hawezi kulipa asingoje Jumamosi. Aende kesho asubuhi, na hesabu yake mkononi.