Kung'arisha Gari Hadi Rangi Iishe

Wapo watu ambao hawatosheki na gari safi. Lazima ling'are hadi mtu achane nywele akijitazama kwenye mlango! Mjomba wangu ni mmoja wao. Kila Jumamosi ni polishi ya kukwaruza, kuanzia boneti hadi buti.

Mimi naona hiyo ni bidii inayokula mali. Gari la kisasa hupakwa praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi angavu yenye unene wa takriban milimita 0.05 tu. Vanishi hiyo ndiyo inayoikinga rangi na jua. Sasa, polishi ya kukwaruza haizibi mikwaruzo. Huiparuza vanishi ya kandokando mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo. Na vanishi haioti tena kama nywele. Ikiisha, paa hufifia na kubabuka, nanyi mmeyaona magari ya namna hiyo barabarani.

Ati tusioshe? La hasha! Mavi ya ndege yakiachwa juani huunguza rangi, na vumbi likipanguswa kavukavu huchora duara kama utando wa buibui. Mwagia maji kwanza, tumia shampuu ya gari, si sabuni ya unga, na uwe na ndoo ya pili ya kusuuzia kitambaa. Paka nta, basi, nenda zako.

Na ile mikwaruzo ambayo huonekana tu ukiinama juani jicho moja limefumbwa? Mjomba, si uiache tu! Kesho gari lenyewe linabeba viazi.