Nyeusi yao na nyeusi yetu

Kuna wanaonung'unika nyumba ya kihistoria ikiwafanyia sherehe Wagothi, wale vijana wa Uingereza wa nyeusi tupu, lesi na koseti za kubana kiuno. Sisi tunaona ndipo pao. Strawberry Hill, kule London, Horace Walpole alianza kuijenga upya mwaka 1749 kwa mtindo wa Kigothi, na mwaka 1764 akatoa The Castle of Otranto, inayohesabiwa riwaya ya kwanza ya Kigothi. Dari la ukumbi wake limeigwa kanisa la Westminster, ukilitazama utadhani jiwe. Ni karatasi iliyorowekwa ikafinyangwa! Mafundi tunamwelewa.

Lakini si urembo tu. Mwaka 2007 Sophie Lancaster, binti wa miaka 20, alipigwa na vijana bustanini huko Lancashire kwa ajili ya mavazi yake, akafa. Sisi wa mabuibui, ambao dada zetu wakienda ugenini hukodolewa macho kwa kitambaa tu, tutawaitaje hawa mashetani? Dini yetu na yao mbali, sawa. Waacheni washerehekee. Na anayewashonea zile koseti, sisi tungekaa naye kutwa nzima atufundishe.